Mahali Sindano Inaporuka

Mimi ni mtu wa wivu, na sijawahi kuona haja ya kujificha. Kuna wanaozaliwa na sauti ya kuimba, mimi nilizaliwa na swali la "huyo ni nani?" mdomoni, na mume wangu alinioa akilijua. Kwa hiyo aliporudi kutoka Bungoma Jumamosi moja mchana na kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti, amekikumbatia kifuani huku mboga nilizomtuma amezisahau kwenye pikapu, nilisimama mlangoni nikamzuia kupita.

"Umebeba nini?"

"Santuri."

"Ya nani?"

"Yangu. Nimenunua kwa mtu anauza vitu za zamani huko soko, karibu na wale wa viatu. Kwani leo una shida na santuri?"

Sikuwa na shida na santuri. Tulikuwa nazo rafu nzima sebuleni, pamoja na radiogramu ya miguu minne aliyoinunua ikiwa bubu, akaipeleka kwa fundi hapa Kitale mara nyingi kuliko alivyowahi kunipeleka mimi hospitali. Wenzake walipostaafu kazi ya kufundisha wakulima walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua sindano ya gramafoni. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonishtua ni jinsi alivyolifungua gazeti lile, polepole, kona baada ya kona, kama mtu anayemvua mtoto viatu akiwa amelala.

Jalada lilikuwa limeliwa na mende pembeni. Lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye nywele nyingi za kichaka, shati la kola pana limefunguliwa hadi karibu na tumbo, na ngoma mbili ndogo katikati ya magoti. Mume wangu alinieleza kwamba bwana huyo alikuwa kwenye bendi, akagombana nao, akatoka kuimba peke yake. Muziki wake ni fanki iliyochanganywa na ya Kilatini: besi inayokatakata, tarumbeta, na zile ngoma za mikono za watu wa Kuba. Anaimba Kiingereza, halafu akikolea anaingia Kihispania.

Mimi nilikulia Saboti, katika nyumba ya watu waliookoka. Wazazi wangu walihamia huko kutoka sehemu za kati za nchi wakiwa na jembe na Biblia, na redio yetu ilijua habari, nyimbo za injili na matangazo ya vifo. Gitaa lolote likilia bila kumtaja Yesu, baba alikuwa anaizima redio papo hapo. Kwa hiyo miguu yangu inajua kufuata mistari ya viazi. Kucheza haijui. Harusini huwa napiga makofi nikiwa nimekaa, na watu hudhani ni heshima.

Siku hiyo hakuanza na upande wa kwanza. Aliigeuza santuri, akaishusha sindano kwenye wimbo wa tatu wa upande wa pili, akavua viatu. Mume wangu amepita miaka sitini na ana goti linalolia kukiwa na baridi, na baridi ya Kitale haina likizo. Lakini mchana ule goti lilinyamaza. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, mabega yakifuata besi, kisha akainua mkono wa kulia, akauzungusha kama anayemgeuza mtu, akaruka kwa mguu mmoja. Papo hapo sindano nayo ikaruka. Ilikwaruza, ikaangukia mbele katikati ya neno lingine, na mguu wake ukatua sakafuni pamoja nayo.

Nilicheka hadi nikashika ubavu. Nilimwambia amezeeka vizuri.

Nilikuwa jikoni nakatakata sukuma wiki ndipo kicheko kikaniisha. Aliruka kabla ya sindano. Alikuwa hewani tayari wakati mkwaruzo unafika. Mtu hawezi kukwepa shimo la barabara ambayo hajawahi kuipita, na santuri ile ilikuwa ikichezwa nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Nilikiweka kisu chini nikabaki nimeshika fungu la sukuma.

Halafu kulikuwa na ule mkono. Alipocheza tena kesho yake baada ya kanisa, nilijifanya napangusa meza, nikasogea karibu. Mkono ulipita juu kabisa ya kichwa changu, na nafasi ya kutosha kilemba. Mimi ni mfupi. Mkono wa kunigeuza mimi ungepita usawa wa kidevu chake. Huu ulikuwa umezoea mtu mrefu, na miaka yote hiyo haukusahau kipimo chake.

"Ulikuwa unacheza hii wimbo na nani?" nilimuuliza.

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu wa nyumbani, mama watoto. Zamani. Kwani hata za zamani unataka?"

"Nataka zote," nilimwambia, na sikuwa natania.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na watu watatu. Yule wa tatu nilimwita Yule Mrefu. Nilimpa shingo, nikampa hereni za duara, nikampa kiuno, na kila nilichompa nikamchukia kwacho. Nikianika mahindi kwenye turubai nilimwona akipita pembeni bila kukanyaga hata punje. Mume wangu akipiga mluzi bafuni, nilijua anampigia nani. Dada yangu wa Saboti nilipomweleza alisema nimshukuru Mungu, maana waume wa wenzangu wanafuata wasichana na wangu anafuata sahani ya plastiki. Hakuelewa. Msichana ningemfukuza hadi kwao. Huyu ningemfukuzaje, naye anaishi ndani ya goti la mume wangu?

Na kila alasiri akitoka shambani, santuri ilikuwa ni hiyo. Upande wa pili, wimbo wa tatu. Mkono juu, mruko, sindano. Mimi nimekaa kwenye kochi langu na sufu zangu za kufuma, nakosea mishono.

Nafasi yangu ilikuja na posa ya mpwa wake. Wakwe walikuwa wanaleta mahari huko Matulo, nyumbani kwao mume wangu, na sisi tulikuwa wa kuwapokea. Niliwaza hivi: kama Yule Mrefu ni mtu wa nyumbani, siku hiyo hatakosa. Mdomo unaweza kudanganya, uso pia, lakini miguu haina akili hiyo. Icheze santuri mbele ya watu, kisha utazame chini. Atakayeruka kabla ya mkwaruzo ndiye.

"Beba ile santuri," nilimwambia. "Wazee wa kwenu wafurahi kidogo."

Aliweka kikombe chini. "Wewe? Ati nibebe santuri?"

"Si nimesema."

"Uko na homa?"

Radiogramu haibebeki, lakini alikuwa na kigramafoni kidogo cha kufunga kama mkoba, na kijana mwenye spika za kukodisha akakiunganisha kwa waya. Hiyo ilikuwa baada ya chakula. Wazee walikuwa wamemaliza kuvutana kuhusu ng'ombe, kuku wameisha, ugali wa wimbi umebaki kwenye masinia. Nilichagua kiti kinachotazama uwanja, nikaweka paja la kuku la mwisho kwenye sahani yangu nisije nikaonekana sina kazi, nikaanza kusoma viatu.

Wimbo ulipoanza, mtu alipiga kelele kutoka jikoni. Akina mama walitoka wakijifuta mikono kwenye leso, mmoja bado ameshika mwiko. Wazee waliacha fimbo zao, wengine wakaingia uwanjani nazo. Mimi nilikuwa nimeshachagua wanawake wangu, wale warefu tu, na macho yalikuwa kwenye miguu yao. Tarumbeta zikapanda. Niliacha kutafuna.

Uwanja mzima ukaruka.

Shemeji yangu mwenye kisukari aliruka. Mzee wa kanisa aliruka na bakora yake. Mama wa mwiko aliruka. Shangazi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alinyanyua miguu yote miwili kutoka kwenye nyasi akaishusha. Kila mwenye mvi alikuwa hewani, sindano ikaruka chini yao, wakatua pamoja na kuendelea bila hata kutazamana. Vijana walibaki na simu mikononi hawajui kumetokea nini. Nilikuja kuwinda mwanamke mmoja, nikapata kijiji kizima.

"Mbona hauluki, bibi yetu?" mama wa mwiko aliniuliza akihema.

"Kwani huu wimbo unaruka?"

"Hii wimbo ndio hivyo, bana. Ukifika hapo lazima uluke."

Shemeji alikuja kunielezea, jasho likimtoka. Siku zao za ujana, eneo lote lilikuwa na santuri moja tu ya aina hiyo. Ililetwa na jirani aliyekuwa dereva wa malori, na hakuna harusi wala Krismasi iliyopita bila hiyo. Mwaka mmoja, watu wakiwa wanakula, kuku alipanda juu ya gramafoni akakwaruza. Walijaribu kuacha wimbo ule wakashindwa, basi wakaongeza mruko. Waliozaliwa baadaye kidogo waliukuta mruko upo, wakajua ndivyo alivyotunga mwenye wimbo. Mpaka leo, alisema, kuna wanaobisha kwamba kulikuwa na kuku.

Mtu angedhani hapo ningepona. Lakini wivu wangu ulipanuka tu. Wivu wa mwanamke mmoja una mwisho wake: unamtazama vizuri, unakuta ana meno mabovu, unalala usingizi. Huu ulikuwa wa watu wote wale. Walikuwa na mume wangu kabla yangu, wakamtia kitu mwilini ambacho mimi, kwa miaka yangu yote ya kumpikia, kumuuguza na kumzalia, sijamtia. Na mimi wakati huo nilikuwa Saboti, mlima tu unatutenganisha na dunia, nangoja baba azime redio.

Halafu wakaomba urudiwe, na Yule Mrefu akaja.

Alitokea nyuma ya hema, mwanamke wa rika la mume wangu, kitambaa cha kanisa kichwani, viatu vya mpira vyenye tope miguuni kwa sababu alikuwa anateka maji. Hakuwa na hereni. Kiuno kilikuwa kimeshaondoka. Lakini urefu ulikuwepo wote. Aliingia uwanjani akisogea upande wa mume wangu, na tarumbeta zilipopanda mkono wa mume wangu ukainuka, naye akapita chini yake wima, bila kuinamisha hata kidevu. Mkono haukukigusa kitambaa. Wakaruka, wakatua. Hawakutazamana hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hawakuhitaji kutazamana.

Baadaye alivuta kiti akaketi karibu nami. Nilikaa sawasawa ili nionekane mrefu.

"Hiyo santuri ni yetu," alisema. "Ni kaka yangu, yule dereva, aliileta. Kijana wangu aliuza na vyuma vya zamani nikiwa kwa matibabu. Nililia, wakaniambia ati ni kitu imeharibika, inaruka."

"Utaitaka," nilisema. Sikuuliza, nilikuwa najiandaa kukataa.

"Hapana. Hata sina ya kuchezea. Lakini siku moja nikipita Kitale, mtanisikizisha?"

"Karibu," nilisema, na neno hilo halijawahi kuwa zito hivyo mdomoni mwangu.

Aliniangalia kidogo. "Wewe ndiye ulimpata," akasema. "Sisi tulibaki na kuluka." Akacheka, akaenda kumalizia maji yake.

Njiani kurudi nilingoja hadi tulipopita watu wote wa kusalimia.

"Ulimpenda?"

"Kila mtu alikuwa anangoja zamu yake. Ni yeye tu alikuwa anajua kugeuka."

"Sijauliza kila mtu."

Alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. "Nilimpenda. Krismasi mbili, labda tatu. Akaolewa. Mimi nikapata kazi Mabanga, nikakutana na mwanamke mfupi wa Saboti alikuja mafunzo ya wakulima, akabishana na mimi juu ya silaji ya ng'ombe mbele ya darasa yote."

"Na pale sokoni, uliijua ni hiyo?"

"Niliigeuza kwa jua, nikaona ule mkwaruzo. Nikajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekubali niicheze?"

Sote wawili tulikuwa tunalijua jibu.

Wiki iliyofuata nilimtuma mjini kununua dawa ya kuhifadhi mahindi, kisha nikaondoka nyuma yake kwenda kwa fundi wa radiogramu. Nilitaka mruko ule ufe. Sitaki kupamba: niliingia dukani kwa fundi nikauliza kama mkwaruzo unafutika, na kama angesema unafutika kwa moto ningewasha mimi mwenyewe.

"Haufutiki, mama," alisema. "Lakini jaribu kuweka shilingi kumi hapa juu ya kichwa cha sindano. Ule mkono ukuwe mzito. Saa zingine inapita."

Alasiri ile mume wangu aliporudi, sarafu ilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimeibandika kwa ute wa ugali isianguke. Nilisimama kando ya radiogramu kuhakikisha, na yeye, akidhani hatimaye nimekuja kutazama kwa mapenzi, akavua viatu kwa furaha. Alikwenda mbele, akarudi nyuma. Tarumbeta zikapanda. Mkono juu. Akaruka.

Sindano haikuruka.

Ilipita. Ilitikisika kidogo, ikatambaa juu ya ule mkwaruzo, na kutoka chini yake kikatoka kitu ambacho hatukuwahi kukisikia. Tarumbeta zilinyamaza zote. Akabaki yule bwana na ngoma zake mbili, polepole, anaimba maneno machache ya Kihispania kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu aliye karibu. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kwamba anarekodiwa. Halafu tarumbeta zikarudi.

Mume wangu alitua bila kitu chini yake. Alipepesuka, goti likakumbuka umri wake, na ule mkono uliozoea kupita juu ukakosa pa kwenda, ukaniangukia begani.

"Hiyo ni nini?" alininong'oneza.

"Sijui."

"Hiyo haikuwa."

"Ilikuwa. Kuku aliifunika."

Nilimwonyesha ile sarafu, tukaurudisha wimbo. Sehemu ile haina mruko wala mgeuko. Ni ya kusimama na kuyumba kidogo, na kuyumba hata mtu wa Saboti anaweza. Mkono wake alikuwa bado hajautoa begani. Nilifikiria watu wote wa Matulo, mzee wa kanisa, mama wa mwiko, shangazi na kiti chake, na Yule Mrefu na urefu wake, kwamba katika harusi zao zote na Krismasi zao zote hakuna hata mmoja aliyewahi kukisikia kicheko kile. Siku ile ya posa kijana wa spika alikuwa ameutafuta wimbo kwenye simu akapata nyingine za bwana huyo, huo akaukosa. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, furaha yenye meno.

Yule Mrefu alikuja kweli, akiwa na mkungu wa ndizi na viatu safi. Nilimkaribisha, nikampa chai ya tangawizi na mkate wa siagi, nikamuuliza habari za matibabu, na nilikuwa na adabu zote alizonifundisha mama yangu. Aliposema sasa angependa kuisikia, niliinuka mbele ya mume wangu, nikasema radiogramu ina vumbi. Nilipangusa kwa leso yangu. Nilipangusa pia juu ya kichwa cha sindano.

Walicheza. Mkono ukapita juu ya kitambaa, sindano ikaruka, wakaruka, na machozi yakamtoka yule mama, naye akayaacha yatiririke. Nilipiga makofi nikiwa nimekaa. Sikumwonea wivu hata kidogo, na nikashangaa jinsi ninavyoweza kuwa mtu mwema nikiwa na kitu kilichofungwa kwenye leso.

Tulimsindikiza hadi barabarani. Tuliporudi ndani mume wangu alikaa akitazama mkungu wa ndizi.

"Wewe mwanamke uko na roho mbaya," akasema.

"Niko nayo."

Alitikisa kichwa. Akainuka, akaiwasha tena radiogramu, akaushika mkono wa sindano, lakini hakuushusha. Alininyooshea kiganja kilicho wazi, akangoja. Nikalifungua fundo la leso, nikaitoa ile shilingi kumi ikiwa bado na joto langu, nikampa.